Siku sita na mlima ulioungua: Marangu, Mandara, Horombo

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Dar. Nimeyapanga haya kutoka kwenye daftari langu na picha mia nne na ushee zilizomo kwenye simu. Sikwenda Kilimanjaro kutafuta kilele. Oktoba 2020 nilikuwa Moshi kwenye msiba, na usiku mmoja tulitoka uani tukauona moto juu kule, mstari mwekundu umelala ubavuni mwa mlima upande wa Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu. Wazee waliokuwa wanapanga mambo ya mazishi wakanyamaza wote. Tangu usiku ule nilitaka kupaona mahali palipoungua, nijue pamekuwaje. Mwaka 2023 nikaanza kuweka akiba, na Septemba 2024 tukaondoka watatu: mimi, mdogo wangu wa kike na rafiki yetu mwalimu.

Siku ya 1, Jumamosi 7 Septemba: Dar hadi Marangu

Basi liliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, saa 12 asubuhi. Nauli 45,000 kila mmoja. Hadi Chalinze sina la kusimulia.

Baada ya Msata nyasi za pembeni mwa barabara zilikuwa zimeungua, nyeusi hadi kwenye shina za miti, na magunia ya mkaa yamepangwa kwa wanunuzi. Mwalimu anafundisha jiografia, akatueleza kwamba miti ya nyanda kama hizi imezoeana na moto. Ina magome manene, na ikiunguzwa huchipua kutoka kwenye mizizi. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado zina ubichi, hupita chini na miti ikabaki. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua miche. Ukirudia hivyo mwaka baada ya mwaka, miti mikubwa itakufa kwa uzee na haitakuwa na warithi, na msitu utageuka mbuga bila mtu kukata hata tawi. Niliandika hayo daftarini bila kujua kwamba yangenisaidia kuelewa kitu kingine kabisa siku mbili mbele.

Mombo tairi la nyuma lilipasuka. Tulikaa pale saa moja na dakika arobaini. Mama mmoja anayeuza matunda ya Lushoto alimwona mdogo wangu amesimama juani, akampa kigoda chake, yeye akakalia ndoo. Tukanunua kwake plamu za elfu mbili, akaongeza peasi tatu: "Za njiani hizo, mwanangu."

Ushauri: kama unaenda Marangu usifike hadi Moshi mjini. Mwambie kondakta akushushe Himo. Pale daladala za Marangu Mtoni zipo hadi jioni, sisi tulilipa 1,500. Tulifika gizani, tukapata gesti ya 25,000 kwa chumba na bakuli la mtori wa moto lililoturudishia roho.

Siku ya 2, Jumapili 8 Septemba: Geti la Marangu hadi Mandara

Getini tulichelewa. Fedha taslimu hazipokelewi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, na asubuhi ile mtandao wa simu zetu ulikuwa unakuja na kupotea. Kijana mmoja wa kikundi kingine alitulipia kwa simu yake, tukamrudishia fedha mkononi. Hatukuwa tumeonana naye kabla. Ushauri: malizeni malipo kabla ya kufika getini, na mje na vitambulisho vya taifa, maana ada ya raia ni ndogo sana kuliko ya mgeni.

Huruhusiwi kupanda bila kiongozi. Wetu ni mtu wa Marangu, ana miaka zaidi ya ishirini mlimani, tulimwita Kaka siku zote. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, walikuwa watano.

Kutoka getini, karibu mita 1,900, hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, mita 2,720, ni msitu mtupu. Nimewahi kuingia misitu mingi lakini huu una maji hata kwenye magome. Ubavu huu wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, hupata mvua karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Miti mikubwa ya mikulo imevaa kuvumwani na kangaga, na chini ya miguu udongo unabonyea. Kaka alichukua kijiti kilichoanguka njiani, akakikunja. Hakikukatika, kilitoa maji. "Huku moto hauingii kirahisi," akasema. "Ukitaka kuujua moto wa mlima huu, uutafute juu, siyo chini."

Njiani tuliona mbega wawili, na lile ua dogo jekundu na njano, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti popote duniani isipokuwa mlima huu.

Mchana, baada ya wali na njegere, tulitembea robo saa hadi kreta ya Maundi. Ni bakuli la nyasi, na kwa macho tu hutasimama pale zaidi ya kupiga picha. Lakini wanasayansi walitoboa tope la chini ya bakuli hilo wakatoa nguzo ndefu nyembamba ya udongo, wakasoma ndani yake chavua za mimea na chembe za mkaa zilizoangukia hapo kwa takriban miaka 90,000. Udongo huo unaonyesha mikanda ya mimea ikishuka mlima enzi za baridi na ukavu, na kupanda tena joto na mvua ziliporudi. Moto ulikuwepo siku nyingi. Nilikaa ukingoni hapo muda mrefu kuliko wenzangu, nikiwaza juu ya ile mikaa midogo iliyohesabiwa kwa darubini.

Pembeni ya kreta ndipo tulipokutana na erika kwa mara ya kwanza. Erika ni mti wa majani madogo kama sindano, mwembamba, matawi yake yametundikwa kuvumwani ya kijivu ambayo viongozi huiita ndevu za mzee. Kaka alituingiza chini ya kundi la erika ndefu, akapangua majani. Palikuwa na mche wa podo, urefu wa kiganja. Akatueleza: eneo hili lilikuwa la podo, moto ukapita zamani, erika ikashika nafasi kwa sababu inauvumilia moto kuliko podo. Moto ukikaa mbali miaka mingi, podo hurudi taratibu chini ya kivuli cha erika na mwishowe huipita. Moto ukirudi mapema, podo hufa na erika hubaki mwenyeji. Kwa hiyo mstari tunaouona baina ya msitu wa podo na msitu wa erika haukuchorwa na baridi peke yake. Moto una mkono wake humo.

Siku ya 3, Jumatatu 9 Septemba: Mandara hadi Horombo, kupitia Whona

Tulianza saa mbili. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikumwona mdogo wangu hatua kumi mbele. Kabla msitu haujaisha, mmoja wa wagumu, kijana mwenye sauti ya chini sana, aliniona nafuta miwani akaniita: "Bro, njoo uone kitu." Akachukua kikombe changu cha plastiki akakiweka chini ya tawi la erika. Mvua haikuwa inanyesha. Kila sindano ya jani ilikuwa na tone nchani, tone linavimba, linaanguka, lingine linafuata. Tulisimama pale kama dakika kumi. Kikombe hakikujaa, lakini maji yalifunika chini yake, baridi kama ya friji. Akaniambia niguse ardhi. Chini ya erika kuvumwani ilikuwa imelowa tepetepe. Hatua chache pembeni, penye vichaka vifupi, vumbi lilikuwa jepesi kidoleni.

Hicho ndicho kitu nilichokuja kukiona, ingawa wakati natoka Dar sikukijua. Mti mrefu wenye majani membamba unalichana wingu linapopita na kuliteremsha ardhini. Kichaka cha magotini hakilifikii.

Whona ni sehemu ya kupumzika na kula, karibu nusu ya safari. Moto wa 2020 ulianzia maeneo haya Oktoba 11. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walisema, kwa taarifa zao za awali, kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Hadi ulipozimwa, kilomita za mraba zipatazo 95 zilikuwa zimeungua, katika hifadhi yenye kilomita za mraba kama 1,700. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

Nilijitenga na kundi nikashuka kidogo kutoka njiani. Mashina ya erika yaliyoungua bado yamesimama, meupe juu na meusi chini, kama mifupa iliyochomekwa. Nilipopiga magoti nikaona kwamba kwenye fundo la mzizi, pale shina linapoingia ardhini, kuna machipukizi ya kijani, mengi, yamebanana. Miaka minne, na yamefika magotini kwangu, machache kiunoni. Nikakwangua udongo kwa kidole. Chini ya tabaka jembamba la majani kulikuwa na mkaa, vipande kama punje za mahindi. Nikachimba kidogo zaidi: udongo wa kahawia, kisha mstari mwingine mweusi, mwembamba. Moto mwingine, wa miaka mingine. Sijui kwa nini nilishusha sauti nilipowaita wenzangu waone.

Kaka alipofika hakushangaa. Alisema erika haiuawi na moto mmoja, inarudi kutoka kwenye mzizi kama mgomba. Shida ni moto wa pili ukija kabla haijawa mti, na wa tatu. Mzizi unatumia akiba yake yote kuchipua, unaunguzwa, unachipua tena kwa unyonge, halafu siku moja hauchipui. Hapo ndipo vinaingia vichaka vya maua makavu meupe, yale ambayo wageni huyapenda kwa sababu hayanyauki, pamoja na majani ya vishungi. Na vitu hivyo vikikauka vinawaka upesi, kwa hiyo mahali palipoungua panazidi kuwa pepesi kuungua. Nikamkumbuka mwalimu na miti yake ya Msata isiyo na warithi. Ni habari ile ile, huku imepandishwa mita elfu tatu.

Horombo, kituo cha pili cha kulala, tulifika saa kumi na moja jioni. Kichwa cha mwalimu kilikuwa kinamgonga. Supu ya maboga, mkate, chai ya tangawizi, kulala.

Ushauri: siku hii ndiyo ndefu, bebeni lita tatu za maji kila mtu. Na jambo moja naliomba kwa dhati: msivute sigara njiani kiangazi, wala msikubali mtu wa kikundi chenu awashe chochote nje ya sehemu za kupikia. Mseme hata kama anayewasha ni mkubwa wenu kwa umri.

Siku ya 4, Jumanne 10 Septemba: Horombo na Mawe ya Punda Milia

Siku ya kuzoea hewa. Mwalimu alibaki kitandani, sisi wawili tukapanda na Kaka hadi kwenye yale mawe yenye mistari myeupe na myeusi, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Njiani senesio kubwa, mimea ile inayofanana na mtu aliyejifunga blanketi. Blanketi lenyewe ni majani yaliyokufa ambayo hayaanguki, yanakinga shina na baridi ya usiku. Kinachomkinga na baridi ndicho kinachomponza kwenye moto, maana ni makavu kabisa. Tulipita penye senesio tatu zilizobaki shina tupu jeusi.

Mawingu yalifunguka kama dakika ishirini, Kibo, kilele kikuu, ikaonekana yote. Barafu ni kidogo kuliko kwenye picha za kalenda nilizokulia nazo. Mdogo wangu alilia, nami nilikaribia. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu ile ilitoweka, na kila mtu anaijua habari hiyo, watoto wa shule wanaiandika kwenye insha.

Lakini Kaka alitugeuza tutazame chini. Kutoka pale unaona vichaka vya kijivu vinateremka, vinateremka, hadi mbali kabisa ndipo msitu unaanza, na kingo zake zimekatwakatwa. "Marehemu baba yangu alipokuwa mgumu," akasema, "erika ndefu zilikuwa zinafika karibu na hapa."

Siyo kumbukumbu ya familia tu. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, Mjerumani aliyeufanyia kazi mlima huu miaka mingi, alilinganisha picha za satelaiti na kukuta kwamba misitu ya erika ilikuwa kilomita za mraba 187 mwaka 1976, na kufikia 2000 zilibaki 32. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka mita mia kadhaa. Mlima unazidi kupata joto, miti ilitakiwa ipande. Imeshuka, kwa sababu ukavu umeongezeka na mioto imekuwa mingi. Na alipopiga hesabu ya maji ya ukungu yanayopotea kwa kukosa miti ya kuyanasa, alipata kama mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, yaani karibu na mahitaji ya maji ya watu milioni moja wanaoishi mlimani. Maji yatokayo kwenye barafu ni machache sana ukilinganisha na hayo.

Tumeiombolezea theluji miaka yote hii, mimi nikiwemo. Msitu uliokuwa unatunywesha umeteremka kimya kimya.

Siku ya 5, Jumatano 11 Septemba: Kushuka hadi getini

Kilomita kama ishirini kwa siku moja, magoti yanajua. Asubuhi mwalimu alikuwa nafuu, tukashuka wote.

Pale Mandara, tukisubiri chai, wale wagumu walisimulia siku za moto. Walikwenda mamia: askari, wanafunzi wa chuo cha Mweka, watu wa vijijini. Silaha zao matawi mabichi, mapanga na majembe. Unakata ukanda, unaondoa kila kinachowaka, unausubiri moto. Kibaya zaidi, walisema, ni ule unaoingia ardhini kwenye mizizi na kuvumwani iliyokauka. Unadhani umezima, unalala, alfajiri umetokea nyuma yako. Yule kijana wa sauti ya chini alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa wakati ule. Alionyesha kisigino chenye kovu la kukanyaga ardhi iliyokuwa inawaka kwa ndani.

Nilimuuliza anajisikiaje wakisemwa kwamba wagumu ndio waliowasha. Alikunja mikono. "Labda ni sisi, bro. Lakini pia ni sisi tuliokuja kuuzima." Mimi nasema kikundi kinachobeba wageni kwa malipo hafifu, kwenye baridi, kikiharakishwa kutoa chakula cha moto, kinahitaji majiko salama na muda wa kutosha. Lawama peke yake haizimi kitu.

Bakshishi tuliwapa mkononi, kila mtu ya kwake. Fanyeni hivyo nanyi.

Siku ya 6, Alhamisi 12 Septemba: Kihambani

Kaka alitualika kwa mama yake, chini kidogo ya Marangu Mtoni. Tulimsalimia "Shimbonyi," akacheka matamshi yetu na kutuketisha penye migomba. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, ilikuwa inachemka. Mbege, pombe ya ndizi, ililetwa kwa kata, mwalimu alikunywa kwa niaba yetu.

Wenyeji husema jina Marangu lina maana ya mahali penye maji mengi. Mama yake Kaka alituongoza hadi kwenye mfongo unaopita pembeni ya kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, mfereji ambao babu wa mume wake alikuwa miongoni mwa walioulinda. Maji yalikuwa upana wa viganja viwili. Akapanda kingo kwa miguu mitupu akatuonyesha alama kwenye jiwe, usawa wa goti lake, ambapo maji ya kiangazi yalikuwa yanafika yeye alipoolewa. Sababu ni nyingi, watu wameongezeka, mabomba yamewekwa, mvua zimebadilika. Yeye alitaja moja ambayo sikuwa nimemwambia: "Juu kule wingu limekosa pa kukaa."

Kuhusu 2020 alisema walikesha wanautazama mlima umevaa shanga za moto. Majirani wakongwe walikwenda na majani ya masale mpakani mwa vihamba, jinsi mtu anavyokwenda kuomba radhi. Kisha wanawake wakapika.

Kabla ya kuondoka tulipita kwa jirani yake anayefuga nyuki, Mzee wa mizinga kumi na minne. Chupa ya asali 15,000. Alisema ujanani mwake walirina kwa mienge ya majani makavu, wakapanda hadi erika, na mwenge ukishaisha kazi unautupa hapo hapo. "Tuliunguza bila kujua tunaunguza nini." Sasa ana bomba la moshi la bati, lenye mvukuto kama wa mhunzi, na mizinga yake iko nyumbani chini ya mparachichi.

Alitufungulia mzinga mmoja tuone. Alipomaliza alilifunua lile bomba, akamwaga makaa chini, akachota maji ya mfongo kwa kopo akayamwagia. Yalifuka. Akachota tena, akamwaga tena, kisha akainama akaweka kiganja juu ya jivu, akakiacha hapo mpaka aliporidhika kwamba limepoa.